Miungu, Mazimwi na Wanyonya Damu: Mwongozo Kamili wa Kusoma Riwaya za Fantasia za Vijana

Riwaya ya fantasia inayochota kwenye visasili, yaani visa vya kale vya miungu na mashujaa, hubeba hadithi mbili ndani ya jalada moja. Ya kwanza ni ile unayoifuata: kijana, siri ya ukoo, safari, vita. Ya pili ni kisa cha kale ambacho mwandishi amekichukua, akapunguza hapa, akageuza pale, akakivika nguo za leo. Anayeiona ya kwanza peke yake huburudika. Anayeziona zote mbili hupata kikubwa zaidi, maana pale kisa cha kale kilipobadilishwa ndipo mwandishi anaposema lake kuhusu wazazi, mapenzi, mamlaka na haki. Mwongozo huu unakupeleka huko, hatua kwa hatua.

Umekusudiwa msomaji wa kuanzia miaka 11 au 12, mwalimu anayeendesha klabu ya usomaji, na mzazi anayetaka kujua mwanawe anasoma nini. Vitabu vingi tunavyovitaja vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tunazungumzia pia namna ya kusoma kwa lugha isiyo ya nyumbani. Miisho hatuifichui. Kuna sura moja tu tunayoifungua yote, na tutakuonya kabla.

Hatua ya 1: Chagua tawi kabla ya kuchagua kitabu

Riwaya hizi zina matawi matatu makubwa, na msomaji anayechukia moja anaweza kulipenda jingine sana.

Tawi la kwanza huwaleta miungu wa kale katika mji wa leo. Mfano unaojulikana zaidi ni *The Lightning Thief* cha Rick Riordan (2005): Percy Jackson, mtoto wa miaka 12 wa New York, anagundua kuwa mzazi wake mmoja ni mungu wa Kigiriki, na kwamba Olympus, makao ya miungu hao, iko juu ya jengo la Empire State, ghorofa ya 600. Lugha ni nyepesi na sura ni fupi. Kwa anayeanza kusoma riwaya ndefu za Kiingereza, hili ndilo tawi la kuanzia.

Tawi la pili hujenga nchi ya kubuni juu ya msingi wa visasili. *Children of Blood and Bone* cha Tomi Adeyemi (2018) kinasimulia ufalme unaoitwa Orïsha, ambamo koo kumi za watu wenye nguvu za uchawi zimepokonywa nguvu hizo. Msingi wake ni imani za Wayoruba. Kina zaidi ya kurasa 500, na wasimulizi watatu hupokezana. Kinadai msomaji aliyezoea.

Tawi la tatu ni la viumbe wa usiku: wanyonya damu, watu wanaogeuka mbwamwitu, mizuka, malaika walioanguka. Mapenzi huchukua nafasi kubwa hapa. *Twilight* cha Stephenie Meyer (2005) ndicho kilicholipa nguvu tawi hili kwa wasomaji wa miaka ya karibuni.

Katikati ya matawi kuna vitabu vya aina yake. *Akata Witch* cha Nnedi Okorafor (2011) kinatokea Nigeria ya leo, kina jamii ya siri ya watu wenye uwezo wa ajabu, na kinatumia maandishi ya nsibidi ambayo ni ya kweli. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hiki ni chaguo bora sana la kuanzia, kwani soko, shule, mvua na ukali wa wazazi vitamwingia bila kuelezwa.

Neno kwa wazazi na walimu: usiamini jalada. Vitabu vya kundi la watu wazima wenye umri mdogo huuzwa kwa majalada yanayofanana kabisa na ya vijana, na ndani yake kuna mapenzi yasiyofichwa. *A Court of Thorns and Roses* kilitolewa mwaka 2015 kama kitabu cha vijana, kisha mwaka 2020 kikachapishwa upya kwa ajili ya watu wazima. Nakala za zamani bado zinazunguka. Kwa hiyo fungua kitabu katikati, soma kurasa tano, kisha fungua robo ya mwisho usome nyingine tano. Hapo ndipo mambo mazito hukaa, na kurasa kumi zitakueleza mengi kuliko maelezo ya nyuma ya jalada.

Wengine huuliza kama ni vibaya kwa mtoto wa dini kusoma habari za miungu wengi. Kusoma kisa cha Zeus si kumwabudu. Wasomaji wa Kiswahili wamesoma vizazi na vizazi visa vya majini na wachawi bila kutikisika imani. Jambo la kuzungumza na mtoto ni nani anaamini nini, wapi, na tangu lini. Tutalirudia katika Hatua ya 7.

Hatua ya 2: Panga juzuu kwa mwaka wa kuchapishwa

Kosa linaloharibu vitabu vingi kuliko yote ni kuanzia katikati ya mfululizo. La pili ni kusoma kwa kufuata kalenda ya hadithi, yaani kuanza na juzuu inayosimulia mambo yaliyotokea zamani zaidi. Mwandishi aliyeandika kisa cha zamani baadaye alijua kuwa wewe umeshasoma cha kwanza; anakutajia majina na siri kana kwamba unazo.

Kwa vitabu vya Riordan, anza na juzuu tano za mwanzo za Percy Jackson: *The Lightning Thief* (2005), *The Sea of Monsters* (2006), *The Titan's Curse* (2007), *The Battle of the Labyrinth* (2008) na *The Last Olympian* (2009). Zifuate juzuu tano za *The Heroes of Olympus* (2010 hadi 2014), kisha tano za *The Trials of Apollo* (2016 hadi 2020). Juzuu tatu za *The Kane Chronicles*, zinazohusu Misri ya kale, zinasomeka peke yake wakati wowote. Za Magnus Chase, zinazohusu miungu ya watu wa Skandinavia, ni bora zisubiri, kwa kuwa Magnus ana undugu na mhusika wa mfululizo wa kwanza.

Mfano mgumu zaidi ni wa Cassandra Clare. *City of Bones* (2007) ndicho cha kwanza. *Clockwork Angel* (2010) kinatokea London mwaka 1878, na wengi hukianza wakidhani ndicho mlango kwa kuwa ni cha zamani. Sicho. Soma juzuu tatu za mwanzo za *City*, hapo unaweza kuingia London. Lakini hakikisha umemaliza juzuu zote tatu za London (2010 hadi 2013) kabla ya juzuu ya sita ya *City*, ya mwaka 2014, maana inagusa watu wa kule.

Ukipata juzuu ya pili kwa bei nzuri na ya kwanza haipo, inunue, lakini usiifungue. Hata maelezo ya nyuma ya jalada lake yatakuharibia ya kwanza.

Hatua ya 3: Pata nakala, kisha ikague

Vitabu vya mitumba ndivyo vinavyopatikana kwa urahisi na kwa bei ya kuvumilika. Kabla ya kulipa, fanya mambo haya. Geuza kurasa na uangalie namba zikifuatana, hasa kurasa 40 za mwisho: vitabu hushonwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, na fungu likichomoka huondoka lote. Angalia mgongo na ukurasa wa haki za uchapishaji uone ni juzuu ya ngapi. Kisha angalia jina, kwa sababu kitabu kimoja kinaweza kuwa na majina mawili katika nchi mbili. *Akata Witch* kilichapishwa Nigeria kwa jina la *What Sunny Saw in the Flames*. Ni kitabu kilekile, na wapo walionunua vyote viwili.

Nakala zilizorudufiwa kwa wizi zina dalili zake: herufi zilizovimba wino, maneno yanayozama kwenye mshono wa katikati, picha ya jalada iliyofifia. Mbali na kumnyima mwandishi haki yake, nakala hizo, na zile za simu zilizoskaniwa ovyo, huharibu herufi zenye alama. Katika kitabu chenye Kiyoruba hilo ni hasara ya kweli, kwa sababu nukta chini ya herufi hubadilisha sauti na maana.

Visasili vyenyewe vinapatikana bure na kihalali. Tovuti ya Project Gutenberg ina tafsiri za zamani za washairi wa kale Homer na Ovid, na *The Age of Fable* cha Thomas Bulfinch (1855), ambacho kinasimulia visa vya Wagiriki na Warumi kwa ufupi. Tovuti ya Theoi hupanga miungu na mazimwi ya Kigiriki kwa majina na huonyesha kila mwandishi wa kale alisema nini. Vipakue, uviweke. Hutavihitaji bado.

Hatua ya 4: Vuka kurasa 60 za kwanza

Anayeiacha riwaya ya aina hii kwa kawaida huiacha mapema, pale majina ya watu, miji, koo na silaha yanapomiminika kwa pamoja. Ubongo unajaribu kushika kila jina kana kwamba yote yana uzito sawa. Hayana. Kazi yako katika kurasa 60 za kwanza ni kushika mambo matatu: nani anasimulia, anataka nini, na nani anamzuia. Mengine yatajirudia yenyewe yakiwa na maana.

Pima kasi yako. Soma kurasa 10 ukiwa na saa. Tuseme zimechukua dakika 20. Kitabu cha kurasa 380 kitachukua dakika 760, yaani saa 12 na dakika 40. Ukisoma dakika 40 kwa siku utamaliza kwa siku 19. Hesabu hiyo inasaidia, kwani kitabu kinachotisha kwa unene huwa kazi yenye siku inayojulikana ya kuisha. Kwa kurasa 60 za mwanzo, jipe vikao viwili virefu badala ya sita vifupi. Ukiingia na kutoka mara nyingi mwanzoni, majina hufutika kila mara.

Kama kitabu kina ramani au orodha mwanzoni, weka kipande cha karatasi hapo. *Children of Blood and Bone* kinaanza na orodha ya koo kumi, kila moja na jina la watu wake, nguvu zao na mungu wao. Usiikariri. Irudie kila ukoo mpya unapotajwa. Ukifika nusu ya kitabu utakuwa umeishika bila kujilazimisha.

Ukifika ukurasa wa 100 na bado hujali kinachompata mhusika mkuu, kiache. Huo si udhaifu. Rudi Hatua ya 1, ubadilishe tawi.

Hatua ya 5: Daftari lenye kurasa nne

Daftari dogo la shule linatosha. Kila riwaya ipewe kurasa nne, si zaidi, la sivyo utakuwa unaandika badala ya kusoma.

Ukurasa wa kwanza ni wa majina. Jina, neno moja la kumtambulisha, na namba ya ukurasa alipotokea mara ya kwanza. Usitafute majina hayo mtandaoni: kamusi za mashabiki huweka kifo cha mhusika katika mstari wa kwanza.

Ukurasa wa pili ni wa kanuni, na huu ndio wenye thamani kuliko zote. Fantasia nzuri ina sheria kali kuliko maisha ya kawaida. Kwa kila nguvu, andika majibu ya maswali manne: nani anayo, anaipata vipi, inamgharimu nini, na nini haiwezi kufanya. Kwa Percy Jackson ukurasa huo ungeanza hivi:

Ukungu: huficha mambo ya miungu yasionekane na binadamu wa kawaida.
Shaba ya mbinguni: huangamiza mazimwi, hupita ndani ya binadamu wa kawaida bila kumdhuru.
Zimwi likiuawa: hugeuka vumbi, lakini baada ya muda laweza kurudi.
Majina: yana nguvu, hayatajwi ovyo.

Swali la gharama ndilo msomaji mchanga hulisahau, nalo ndilo linalobeba hadithi. Nguvu isiyogharimu kitu haileti hofu yoyote. Katika *Akata Witch*, mtu anapojifunza jambo la kweli hudondokewa na vipande vya metali viitwavyo chittim, ambavyo ndivyo fedha ya jamii ile. Mali haipatikani ila kwa maarifa. Andika kanuni hiyo na utaelewa kwa nini vijana wale wanne wanaheshimu vitabu namna ile, na kwa nini watu wazima wao hupimana kwa elimu.

Mwandishi anapovunja kanuni yake mwenyewe, weka alama ya swali. Mara nyingine ni uzembe. Mara nyingine ni mtego, na jibu liko kurasa 200 mbele.

Ukurasa wa tatu ni wa maswali: unabii, ndoto, ahadi, zawadi zilizotolewa bila sababu. Unabii uandike neno kwa neno. Unabii katika riwaya hizi hutimia karibu kila mara, ila kwa maana ambayo hakuna aliyeitarajia, na huwezi kuiona hila hiyo kama unakumbuka muhtasari tu.

Ukurasa wa nne uache mtupu. Ni wa kisasili.

Kuhusu lugha: katika ukurasa mmoja usitafute maana ya zaidi ya maneno matatu. Neno usilolijua lipigie mstari kwa penseli, uendelee. Likikutana nawe mara ya tatu, ndipo ufungue kamusi; neno linalojirudia ni la lazima, mengine ni mapambo. Majina ya Kigiriki yanapoandikwa kwa Kiingereza hayatamkwi yanavyoonekana: Chiron ni Kairon, Scylla ni Sila, Charybdis ni Karibdis, Persephone ni Pasefoni, mkazo ukiwa kwenye "se". Katika Kiyoruba, herufi ṣ hutamkwa kama "sh", hivyo Ọṣun ni Oshun. Litamke jina kwa sauti mara moja linapotokea. Jina lisilo na sauti halikai kichwani.

Hatua ya 6: Kirudie kisasili, kwa wakati wake

Wapo wanaosoma kamusi ya miungu kwanza ili wajiandae. Wanajinyima. Waandishi hawa huficha dalili ndani ya majina na vitu, na anayejua tayari hupoteza nafasi ya kukisia. Utaratibu tunaoupendekeza ni huu: maliza sura, kisha kisie ni kisa gani, andika kisio lako katika ukurasa wa nne, ndipo ufungue kisa cha kale. Na kisa kinachomhusu mhusika mkuu mwenyewe usikifungue hadi umalize kitabu.

Sasa onyo tuliloliahidi: mistari inayofuata inafungua sura ya 11 ya *The Lightning Thief*.

Percy na wenzake Annabeth na Grover, wakiwa na njaa msituni New Jersey, wanafuata harufu ya nyama hadi kwenye duka la sanamu za bustani. Mwenye duka ni mwanamke aliyejifunika uso, anayeitwa Aunty Em. Anawalisha bila malipo, kisha anaomba kuwapiga picha. Hana kamera. Sanamu zake zina nyuso za hofu, na moja inafanana na mjomba wa Grover. Dalili zote zimewekwa mezani: utaji, mawe, macho yaliyofichwa, hata herufi ya kwanza ya jina. Ni Medusa, ambaye anayemtazama usoni hugeuka jiwe.

Sasa fungua vyanzo. Hesiod, mshairi wa Kigiriki wa mnamo mwaka 700 kabla ya Kristo, anasema Medusa alikuwa mmoja wa dada watatu, na ni yeye peke yake anayeweza kufa. Poseidon, mungu wa bahari, alilala naye katika uwanda wa maua. Ovid, mshairi wa Roma, aliyeandika zaidi ya miaka 700 baadaye, anasimulia jingine: Medusa alikuwa msichana mzuri, mungu huyo wa bahari akamnajisi ndani ya hekalu la Athena, mungu wa kike wa hekima, na Athena akamwadhibu yeye aliyetendewa, akageuza nywele zake kuwa nyoka. Apollodorus, mwandishi mwingine wa kale, anaeleza jinsi shujaa Perseus alivyomkata kichwa akitazama taswira katika ngao ya shaba, Athena akimwongoza mkono, na jinsi alivyovaa viatu vyenye mabawa.

Linganisha. Ngao imekuwa mpira wa kioo wa bustani. Anayemwambia Percy atumie taswira ni Annabeth, binti wa Athena, kwa hiyo kazi ya Athena imebaki katika familia. Viatu vyenye mabawa vipo, lakini vimevaliwa na Grover. Kichwa cha Medusa, ambacho katika kisa cha kale kiliishia kwenye ngao ya Athena, hapa kinatumwa Olympus kwa huduma ya vifurushi ya Hermes. Jambo zito zaidi ni nani wameketi kwenye meza ile: mwana wa Poseidon na binti wa Athena, yaani watoto wa wale wawili waliomfikisha Medusa alipo. Riordan amekilegeza kisa cha Ovid, akaufanya unajisi kuwa mapenzi ya zamani, kwa ajili ya wasomaji wa miaka 11. Lakini chuki ya Medusa ameiacha na sababu yake. Msomaji aliyesoma Ovid anaijua haki anayoidai mwanamke yule, na mapambano yale hayawi tena ya mwema na mwovu.

Hivyo ndivyo ukurasa wa nne unavyojazwa: kilichobaki, kilichobadilika, kilichoondolewa, na sentensi moja ya kwa nini. Kuhusu Perseus, liko swali moja la kuliacha hadi mwisho: mfalme Polydectes alimtuma akalete kichwa cha Medusa kwa sababu gani? Jibu lake litakufungulia habari za mama yake Percy.

Yapo makosa mawili ya kuepuka hapa. Kwanza, kudhani kuna toleo moja sahihi la kisasili na kwamba mwandishi "amekosea". Hesiod na Ovid hawakubaliani wao kwa wao. Hata kisigino cha shujaa Achilles, mahali pekee alipoweza kudhuriwa, hakimo katika *Iliad* ya Homer. Kisa cha kutumbukizwa katika mto Styx kimo katika shairi la Statius, wa karne ya 1 baada ya Kristo. Pili, kuandika ya riwaya katika mtihani kama kisasili. Katika vitabu vya Riordan Athena ana watoto. Kwa Wagiriki wa kale Athena ni bikira. Riordan alijua hivyo, akalitatua kwa kusema watoto wake huzaliwa kutokana na fikra zake, kama yeye alivyotoka kichwani mwa Zeus. Ni ubunifu wa hali ya juu, lakini ni wa mwaka 2005 na kuendelea.

Kwa tawi la wanyonya damu utaratibu hubadilika kidogo, maana hakuna andiko moja la msingi. Chora jedwali la mistari sita: jua, kioo, mwaliko, chakula, namna ya kufa, namna ya kuongezeka. Jaza kwa kila kitabu. Utagundua mambo. Wengi humlaumu Meyer kwa wanyonya damu wanaong'aa juani badala ya kuungua. Lakini katika *Dracula* cha Bram Stoker (1897), Dracula hutembea mchana, nguvu zake zikiwa zimepungua tu. Kuuawa na mwanga wa jua kulitokana na filamu ya *Nosferatu* ya mwaka 1922. Sheria inayoaminiwa kuwa ya kale ni changa kuliko riwaya.

Hatua ya 7: Tofautisha visasili vya waliokufa na vya walio hai

Hakuna jamii kubwa leo inayomtegemea Zeus kwa mvua. Lakini Oya, mungu wa kike wa Wayoruba, ana waumini wake Nigeria, Benin, Brazil na Cuba. Kwa hiyo unapoona mabadiliko, jiulize pia yanawagusa nani. Wayoruba wanamjua Oya hasa kwa upepo na dhoruba, naye huhusishwa na wafu. Adeyemi amempa ukoo wa uhai na kifo, na hewa akampa mungu mwingine, Ayao. Ni haki ya mwandishi wa riwaya, ila usimwambie Myoruba kuwa unaijua dini yake kwa kuwa umesoma kitabu.

Katika *Twilight* kuna kabila la Wakwileute wanaogeuka mbwamwitu ili kupambana na wanyonya damu. Wakwileute ni watu wa kweli, wanaoishi La Push, jimbo la Washington. Wana simulizi yao ya asili, ambamo mgeuzaji aitwaye Q'wati aliwafanya mbwamwitu kuwa watu. Uadui na wanyonya damu ni wa Meyer, si wao. Andika tofauti hiyo katika ukurasa wa nne, katika safu yake yenyewe. Nsibidi ya *Akata Witch* vivyo hivyo: ni maandishi halisi ya eneo la Cross River, yanayohusishwa na chama cha Ekpe, jina linalomaanisha chui. Ukilijua hilo, jina la "Watu wa Chui", yaani ile jamii ya siri katika riwaya, linapata mizizi.

Hatua ya 8: Kati ya juzuu na juzuu

Ukimaliza juzuu, kabla ya kulala, andika mistari kumi: nani yuko wapi, nani amekufa, nani anadanganya, swali gani limebaki. Utashangaa baada ya miezi minne mistari hiyo itakavyokuokoa usirudie kitabu kizima.

Kwa klabu, watu wanne hadi sita ndio idadi nzuri. Gawanyeni kitabu katika vikao vitatu: mwisho wa robo ya kwanza, mwisho wa nusu, na mwisho. Mpaka wa kikao utajwe kwa namba ya sura, si ya ukurasa, kwa kuwa matoleo hutofautiana. Anayesoma mbele aruhusiwe, ila asichangie kwenye makisio. Nakala ikiwa moja, kila mmoja akae nayo siku saba, na daftari lizunguke pamoja nayo.

Daftari hilo hilo linafaa kwa vya kwetu, na ni vizuri liende huko mapema. *Utendi wa Fumo Liyongo*, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, una shujaa asiyeuawa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na mwana anayeshawishiwa amsaliti. Jaza ukurasa wa kanuni kwa ajili ya Liyongo, kisha uweke kando yake Achilles na kisigino, na Baldr wa Skandinavia aliyeuawa kwa mmea mmoja uliosahauliwa wakati vitu vyote vingine vilipoapishwa visimdhuru. Kisha chukua *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert: nyani wawili wanaopigwa kila usiku, majini wenye sheria zao, mji uliogeuka mawe. Soma kwa maswali manne yaleyale ya nguvu, na ukurasa wa nne uujaze kwa visa vya *Alfu Lela Ulela*, ukianza na vile vinavyohusu ndugu waliogeuzwa wanyama.